Kidonge Kilichoachwa Wiki ya Saba: Uchambuzi wa Kisa cha Mama Mmoja wa Pemba

Mama wa kisa hiki alikuwa na miaka 27 alipofika kliniki ya mama na mtoto katika kituo kimoja cha afya cha Kaskazini Pemba, mimba yake ikiwa imetimiza wiki 21. Alipimwa damu kama wapimwavyo wajawazito wote katika hudhurio la kwanza, na kipimo kikaonesha maambukizi ya VVU. Muuguzi akaanza kumpa ushauri nasaha kwa upole na kwa utaratibu, akiamini kwamba anamfikishia habari mpya na nzito. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Dada, mie najijua tangu mimba ya mwanangu wa kwanza. Dawa nilikuwa nazo. Nimeziacha kwa ajili ya huyu." Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

Nilikuwa mmoja wa wahudumu waliokuwa naye kuanzia siku ile hadi mtoto alipotimiza miezi 18, na ninakiandika kisa chake kwa ridhaa yake, baada ya kuondoa jina, shehia na kila ambacho jirani angeweza kumtambua kwacho. Mama huyu hakuwa mzembe. Aliacha dawa kwa sababu mhudumu wa afya alimwambia, miaka kadhaa nyuma, kwamba kidonge kile huenda kikamdhuru mtoto, na habari iliyokuja baadaye kuisahihisha ile ya kwanza hakuna hata mmoja wetu aliyempelekea.

Aligundulika mwaka 2016, katika mimba ya kwanza, akaanzishiwa dawa siku ileile: kidonge kimoja kwa siku chenye mchanganyiko wa tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Utaratibu huo wa kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yake yote, bila ya kusubiri kinga yake ishuke, ulianzia Malawi mwaka 2011 na ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Mtoto wa kwanza alizaliwa salama, akanyonya, akapimwa kwa mara ya mwisho akiwa na miezi 18, akaonekana hana maambukizi. Mumewe ni mvuvi ambaye huenda dago, yaani kambi za wavuvi mbali na nyumbani, miezi kadhaa kila mwaka. Anaijua hali ya mkewe, na yeye mwenyewe hupimwa na hana VVU. Mavyaa yake, yaani mama wa mumewe, hakuwa akijua, na nyumba ni moja.

Mwishoni mwa mwaka 2019 alihamishiwa kwenye TLD, kidonge ambacho nafasi ya efavirenzi imechukuliwa na dolutegraviri. Siku ya kuhamishwa, mhudumu alimwambia kwamba dawa hii ni nzuri na virusi hufubaa upesi, lakini akitaka kubeba mimba aje kwanza abadilishiwe, kwani kuna watoto wamezaliwa na migongo wazi. Akapewa sindano ya uzazi wa mpango. Maneno yale aliyashika. Kwa miaka mitatu mfululizo kipimo chake cha wingi wa virusi kilirudi chini ya nakala 50 kwa mililita moja ya damu, kiwango ambacho kila mgonjwa na kila mhudumu hukitamani. Kisha akaacha sindano, na mimba ikaingia mapema kuliko alivyotazamia, kabla hajaja kubadilishiwa dawa. Alijipima kwa mkojo nyumbani wiki ya 7 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, akaona mistari miwili, na usiku ule hakumeza kidonge. Kwa kuwa alikuwa amepewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, daftari letu halikuonesha kwamba kuna mtu amepotea kwenye huduma.

Wiki 14 alizokaa bila ya dawa zilitokana na habari iliyoanzia mbali na Pemba, na bila ya kuifuata habari hiyo tangu mwanzo wake mtu ataishia kumlaumu mama au kumlaumu mhudumu, na kote kuwili atakuwa amekosea.

Nchi ya Botswana, ambayo ina maambukizi mengi, ilianza mwezi wa Agosti 2014 kuwafuatilia watoto wanaozaliwa katika hospitali zake kubwa za serikali, wakunga wakimkagua kila mtoto kwa macho na kuandika kasoro yoyote ya maumbile pamoja na dawa ambazo mama alikuwa akizitumia mimba ilipotunga. Lengo la mwanzo lilikuwa kujua kama efavirenzi ina madhara, kwa sababu dawa hiyo nayo ilikuwa imeogopwa kwa miaka mingi kutokana na majaribio ya nyani, ambamo vijusi 3 kati ya 20 vilionekana na kasoro. Mwaka 2016 Botswana ikawa imeingia katika dolutegraviri, na wakunga wakaendelea kukagua vilevile. Mwezi wa Mei 2018 watafiti walipofungua hesabu, walikuta kwamba kati ya watoto 426 ambao mama zao walikuwa wakitumia dolutegraviri mimba ilipotunga, watoto 4 walikuwa na kasoro za mirija ya ubongo na uti wa mgongo, zile ambazo watu wetu huziita mgongo wazi na ambazo nyingine humfanya mtoto azaliwe bila ya fuvu kamili. Hiyo ni asilimia 0.94. Kwa mama waliokuwa wakitumia dawa nyingine za VVU, watoto wa namna hiyo walikuwa 14 kati ya 11,300, yaani asilimia 0.12.

Mtu mwenye uwezo wa kutoa onyo, akiona hesabu hiyo, hana haki ya kunyamaza, nami sina lawama kwa waliotangaza. Kwa kiwango cha kawaida cha takriban mtoto mmoja katika kila elfu, katika watoto 426 ungetarajia usimwone hata mmoja. Kuona wanne ni jambo la kushtua. Lakini wanne ni idadi ndogo, na idadi ndogo huweza kukusanyika kwa sadfa, kama mvua inavyoweza kunyesha Wete na Konde ikabaki kavu siku hiyohiyo. Dawa ya shaka ya namna hiyo ni kuendelea kuhesabu, nao waliendelea. Mwaka 2019 waliripoti 5 kati ya 1,683. Mwaka 2020 wakaripoti 7 kati ya 3,591. Mwaka 2022 walifikia 10 kati ya 9,460, yaani asilimia 0.11, sawasawa na akina mama waliokuwa wakitumia dawa nyingine. Ukiwatoa wale 426 wa mwanzo, utakuta kwamba katika watoto 9,034 waliofuata kulikuwa na 6 tu wenye kasoro hizo, na hapo ndipo mtu huona wazi kwamba wanne wa mwanzo walikuwa ni mkusanyiko wa sadfa. Shirika la Afya Duniani halikungoja hata mwisho huo: mwezi wa Julai 2019, baada ya kupima faida na madhara kwa hesabu zilizokuwapo, lilipendekeza dolutegraviri iwe chaguo la kwanza kwa watu wazima wote, wakiwamo wajawazito na wanawake wanaotarajia kupata mimba.

Kwa hiyo siku mama yetu alipoambiwa maneno yale, mwishoni mwa 2019, pendekezo jipya lilikuwa na miezi kadhaa. Karatasi iliyokuwa imebandikwa ukutani katika chumba kile ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Na hapa lazima niseme jambo kuhusu visiwa vyetu ambalo husahaulika. Tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Zanzibar mwaka 1986, maambukizi hapa yamebaki kuwa ya chini, hayafiki asilimia 1 ya watu wazima. Hiyo ni neema kubwa, lakini ina upande wake mgumu: muuguzi wa kituo cha shamba anaweza kukaa miezi mingi bila ya kumwona mjamzito mmoja anayeishi na VVU, na anapokuja kumwona anatumia elimu aliyoipata kwenye semina ya mwisho, ambayo huenda ni ya miaka mitatu au minne nyuma. Mahali penye wagonjwa wengi kosa hukutana na msahihishaji kila wiki. Kwetu linaweza kukaa mpaka likazaa maafa. Na kwa kuwa wanaoishi na VVU ni wachache, siri huwa nzito zaidi, na mama hana jirani wala shoga wa kumwambia kwamba yeye alikimeza kidonge hichohicho na mwanawe yupo anacheza uani.

Jambo lililoniumiza zaidi katika kisa hiki ni hesabu ya siku. Mirija ambayo baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kabla ya siku 28 kutimia tangu mimba kutunga, na kwa hesabu ya kliniki, tunayoianzia kwenye hedhi ya mwisho, hiyo ni kama wiki ya 6. Mama yetu aliacha dawa wiki ya 7. Hata kama ile hofu ya mwaka 2018 ingekuwa kweli tupu, kuacha dawa siku ile kusingemkinga mtoto na mgongo wazi, kwa sababu mgongo ulikuwa umekwisha kufunga, na kidonge kilikuwa tumboni mwa mama muda wote ulipokuwa ukifunga. Alilipa gharama yote ya kuacha bila ya kupata hata chembe ya faida aliyoikusudia. Nilipomchorea jambo hili kwenye kipande cha karatasi, wiki kwa wiki, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo nilipoona ile mistari miwili, lililokuwa la kuwa lilikwisha kuwa?" Nikamjibu kwamba ndivyo, na kwamba lililokuwa limekwisha kuwa lilikuwa salama.

Gharama yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani? Kuna ufuatiliaji uliofanywa Ufaransa wa watoto waliozaliwa kati ya mwaka 2000 na 2011, ambao naupenda kwa sababu unajibu hasa swali la mama kama huyu. Miongoni mwa watoto 2,651 waliozaliwa na mama waliokuwa wameanza dawa kabla ya mimba, wakaendelea nazo bila ya kukatiza, na wakajifungua virusi vikiwa chini ya nakala 50, hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa. Wale hawakuwa wakinyonyeshwa, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya tumboni na ya wakati wa kujifungua, lakini hata hivyo ni hesabu ya sifuri, na sifuri katika tiba ni jambo adimu. Mama yetu, usiku ule wa wiki ya 7, alikuwa katika kundi hilohilo: miaka mitatu ya virusi vilivyofubaa kabla ya mimba. Alijitoa humo kwa mkono wake, kwa mapenzi ya mwanawe. Mjamzito asiyepata kinga yoyote, akajifungua na kunyonyesha, humwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45. Virusi vilivyofubazwa na dawa kwa kawaida huanza kupanda tena wiki chache baada ya dawa kukatizwa, na damu tuliyomchukua wiki ya 21 ilikuwa na nakala 38,000 kwa mililita.

Tulimrudisha kwenye TLD siku hiyohiyo. Mjadala mfupi ulikuwapo iwapo arudishiwe efavirenzi aliyoizoea, na jibu lilikuwa wazi. Katika utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Uganda kwa wajawazito walioanza dawa mimba ikiwa imekwisha kuwa kubwa, asilimia 74 ya waliopewa dolutegraviri walikuwa wamefikia chini ya nakala 50 walipojifungua, ilhali kwa efavirenzi walikuwa asilimia 43. Kwa mama aliyebakiwa na wiki 18 au pungufu, kasi ndiyo dawa yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto hutokea mwisho wa mimba na wakati wa kujifungua. Zaidi ya hayo, utafiti mwingine mkubwa uliojumuisha nchi tisa, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionesha kwamba watoto wanaozaliwa kabla ya wakati hawakuwa wengi zaidi kwa dolutegraviri kuliko kwa efavirenzi, bali walielekea kuwa wachache.

Sikumwambia kwamba kidonge hakina madhara yoyote, wala sipendi mhudumu yeyote aseme hivyo. Dolutegraviri huwanyima wengine usingizi, huwaumiza wengine kichwa, na huwaongezea wengi uzito. Tenofoviri hutaka figo zifuatiliwe. Nevirapini, dawa ambayo zamani ilitumiwa sana kwa wajawazito, iliwaharibia ini baadhi ya wanawake ambao kinga yao ilikuwa bado nzuri, na ndiyo maana leo haitumiwi kuanzia tiba ya mama. Mtu aliyewahi kuambiwa nusu ya habari anastahili kuambiwa yote, pamoja na yale yasiyopendeza, la sivyo siku atakapoyagundua mwenyewe atadhani kwamba alifichwa tena.

Nilitarajia kwamba kuanzia hapo kisa kingekuwa chepesi. Hakikuwa.

Wiki ya 28 tulipima tena wingi wa virusi. Majibu yalipokuja yalisoma nakala 2,900. Vilikuwa vimeshuka, lakini kwa dawa hii, baada ya wiki saba, nilitazamia vishuke zaidi. Rahisi ya kwanza ni kudhani kwamba mama hamezi, na mmoja wetu alisema hivyo. Muuguzi yule wa siku ya kwanza, ambaye ana subira kuliko mimi, alimwita chumbani na hakumuuliza kama anameza. Alimuuliza anameza vipi. Mama akaeleza bila ya kuficha. Nyumbani hawezi kuweka kopo la dawa mahali mavyaa ataliona, kwa hiyo vidonge vya TLD alikuwa amevihamishia kwenye pakiti ya vidonge vya damu, vile vya madini ya chuma na asidi ya foliki ambavyo kila mjamzito hupewa na hakuna anayevishangaa. Usiku wa manane, nyumba ikiwa imelala, hufungua pakiti ile, humeza kimoja cha hiki na kimoja cha kile kwa maji ya mtungi, hurudi kulala. Usiku ambao mavyaa huja kulala chumbani kwake kwa sababu mume yuko dago, hamezi kitu.

Siku alizoziruka ni sababu inayotosha, na siwezi kudai kwamba nimepima fungu la kila sababu. Lakini sababu ya pili ni sisi tulioitia mkononi mwake. Dolutegraviri hufanya kazi yake kwa kushikamana na chembe za madini ndani ya kimeng'enya cha kirusi, na tabia hiyohiyo huifanya ishikane na madini ya chuma au kalsiamu ikikutana nayo ndani ya tumbo tupu, vikafungana pamoja na kutoka mwilini bila ya kuingia kwenye damu kama inavyotakiwa. Kinga yake ni rahisi mno: ama vidonge hivyo viwili vimezwe pamoja na chakula, ama dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya kidonge cha damu au saa sita baada yake. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesi na alumini vina ukali zaidi, kwani hivyo lazima viachanishwe kwa saa zilezile hata kama mtu amekula, na ni mjamzito gani wa miezi saba asiyekuwa na kiungulia? Siku ya wiki ya 21 tulimpa mama huyu dawa zote mbili kwenye meza moja, dakika moja, na hakuna aliyefungua mdomo kuhusu saa. Tulikuwa tumemaliza nguvu zetu zote katika kumshawishi arudi.

Ramadhani ilikuwa imekaribia, na ndiyo iliyotusaidia kupanga. TLD ikawekwa baada ya futari, tumbo likiwa na chakula. Kidonge cha damu kikawekwa wakati wa daku, baada ya muda wa kama saa kumi. Tulimwambia kwamba mjamzito ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, naye alifunga baadhi ya siku na kuacha nyingine kwa kadiri alivyojiona, lakini saa za vidonge hazikubadilika, afunge asifunge. Kwa kuwa wakati wa futari watu ni wengi na kila mtu ana lake, alisema ilikuwa rahisi kumeza mbele ya macho ya wote kuliko kumeza gizani. Wiki ya 35 virusi vilikuwa chini ya nakala 50.

Alijifungua hospitali, wiki ya 39, kwa njia ya kawaida. Mtoto wa kike, kilo 2.9. Mkunga alimgeuza kifudifudi akampitisha vidole kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, kama anavyofanya kwa kila mtoto, na mama akainua kichwa kutoka kwenye mto kumtazama mkunga usoni mpaka alipomaliza. Wengine chumbani hawakujua anatazama nini.

Swali lililobaki lilikuwa kinga ya mtoto. Mwongozo tuliokuwa nao wakati ule ulimhesabu mtoto kuwa katika hatari kubwa ikiwa mama hajatimiza wiki nne za dawa anapojifungua, au virusi vyake vilizidi nakala 1,000 katika wiki nne za mwisho, au amepata maambukizi katika kipindi cha mimba yenyewe. Huyo alikuwa akipewa dawa mbili, na kwa muda mrefu zaidi. Mtoto wetu hakuingia katika sifa hizo. Mmoja katika timu alitaka apewe dawa mbili hata hivyo, kwa sababu ya zile wiki 14, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Lakini zidovudini, ambayo ingekuwa dawa ya pili, huweza kumpunguzia damu kichanga, na kipimo cha wiki ya 35 kilikuwa karibu na uchungu na kinaaminika. Tukakubaliana kufuata mwongozo. Alipewa nevirapini ya maji, mililita moja na nusu, yaani miligramu 15, mara moja kwa siku kwa wiki sita.

Chupa ile ndiyo iliyomaliza siri. Kidonge cha mjamzito huweza kufichwa ndani ya pakiti nyingine, lakini dawa ya maji ya kichanga cha siku tatu, katika nyumba ambayo mavyaa ndiye anayemkogesha mtoto na kumkanda mzazi kwa siku zote za arubaini, haina pa kufichwa. Mume alirudi kutoka dago siku ya saba, wakamwambia mama yake pamoja. Mama alinisimulia kwamba mavyaa alinyamaza, kisha akauliza jambo moja tu: "Muda wote huu ulikuwa ukimeza gizani, mwanangu?" Tangu siku hiyo ni yeye aliyekuwa akiita saa ya dawa ikifika.

Faida yake haikuishia kwenye saa. Bibi huyo alikuwa amekusudia kumpa mtoto maji na asali, kama alivyowapa wanawe wote. Asali haimfai mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja, kwa vijidudu vinavyoweza kuwamo ndani yake na kutoa sumu tumboni mwa mtoto, na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kwa kuwa kumchanganyia vitu vingine mapema kumeonekana kuongeza hatari ya maambukizi. Bibi aliuliza kuhusu tahniki, ile desturi ya kumpaka kichanga tende iliyolainishwa mdomoni. Tukamwambia kwamba tende ipondwe na kulainishwa kwa mkono safi badala ya kutafunwa na mtu, naye akaona hilo halina uzito wowote. Sikutegemea kwamba ingekuwa rahisi hivyo, na najua nyumba nyingine ambazo haikuwa hivyo.

Damu ya mtoto iliyokaushwa kwenye karatasi ilipimwa wiki ya 6, hakuna maambukizi. Ikapimwa tena mwezi wa 9, hakuna. Mama aliendelea na TLD, virusi vikabaki chini katika kila kipimo, akanyonyesha mpaka mwezi wa 15. Kipimo cha mwisho, mtoto akiwa na miezi 18 na anakimbia ndani ya chumba cha kliniki, kilionesha hana VVU.

Siku hiyo mama alikuwa na haja nyingine. Alisema kwamba, Mungu akipenda, mwakani wanataka wa tatu. Dawa haachi, hilo amekwisha kulijua. Lakini kwenye ile karatasi niliyomchorea, ambayo bado alikuwa nayo ndani ya kadi ya kliniki, aliona kwamba mgongo wa mtoto hufunga kabla mama hajafika kliniki, na nilimwambia mwenyewe kwamba kinachosaidia mgongo ufunge vyema ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba. "Sasa mbona," akauliza, "mnatupa tukija na matumbo?"

Muuguzi alifungua daftari la kutolea vidonge vya damu na foliki. Safu ya kwanza baada ya jina ilitaka wiki za mimba. Alishika kalamu kwa muda, akaandika jina la mama chini kabisa ya ukurasa, nje ya mistari, na kwenye nafasi ya wiki akaandika: hajabeba bado.